Nilikojifunza Kusimama

Chuoni nilisoma kwa ufadhili wa kwaya: wao walilipa karo, mimi niliimba besi katika kanisa la chuo. Kuimba kulikuwa kazi ndogo. Mwalimu wetu alitaka tusimame ibada nzima bila kuegemea ukuta, bila kujikuna, tukiwa na nyuso za watu waliokwisha kusamehewa.

Sasa nalinda mlango wa hoteli huku ughaibuni, West Bay. Shahada yangu ya historia hakuna aliyewahi kuiulizia. Ila juzi msimamizi wangu, Mnepali, aliniuliza nilijifunza wapi kusimama hivi. Nikamjibu, kwenye kwaya. Alidhani ni kampuni ya ulinzi, akataka kujua kama wana watu wengine.

Nikamwambia wapo, lakini wa sauti ya kwanza asiwachukue. Wale hawatulii.