Kisogo cha Alvah Tibbets

Alvah Tibbets alikuwa amecheza filamu mia moja arobaini na tatu, na katika hizo zote hakuwahi kubusu mwanamke, kupiga risasi wala kufa. Kazi yake ilikuwa kukataa. Alikuwa karani wa hoteli anayesema vyumba vimejaa, mhudumu anayesema supu imekwisha, ofisa wa benki anayekusukumia karatasi zako zikurudie kifuani. Dakika mbili, tatu akibahatika, kisha filamu inaendelea na watu wazuri. Jina lake lilipita mwishoni kabisa, watu wakiwa wanatafuta kofia zao chini ya viti.

Lakini ile sura! Hakuna aliyejua jina, na hakuna asiyejua sura. Siku moja, kwenye duka la nyama, mama mmoja alimtwanga na mkoba kwa kumnyima chumba huko Toledo usiku wa mvua. Tibbets hajafika Toledo maisha yake yote. Aliomba radhi hata hivyo, akainua nyusi moja, na yule mama akacheka mpaka akaondoka bila nyama wala mkoba.

Mtu aliyeijua sura hiyo kuliko wote ni Rudy Zelenka, mpakaji vipodozi wa studio, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwapaka wale tunaowaona kwenye mabango. Hakuwa akiwaogopa. "Uso wa nyota ni ukuta," alizoea kusema. "Unapaka, unakauka, unaenda zako kunywa kahawa. Uso wa Tibbets una wakazi ndani."

Wakazi hao hawakuhamia kwa siku moja. Tibbets alianza akiwa na miaka kumi na minne huko Nebraska, kwenye hema la wauza dawa ya kikohozi, akianguka kutoka kwenye ngazi ili watu wasogee wanunue chupa. Akazunguka majukwaa kwa miaka ishirini, akaingia kwenye filamu wakati bado hazisemi, akamwagiwa unga, maji na gundi. Sauti ilipokuja, wenzake wengi walifungua vinywa na kazi zikawaponyoka humo humo. Yeye aligundua jambo la ajabu: kila alipopunguza kitu, watu walizidi kucheka. Akaacha kuanguka ngazi, akawa anaanguka kiti. Akaacha kiti, akawa anadondosha kalamu. Mwisho akabaki na nyusi moja tu, ya kushoto, na kwa nyusi hiyo alijenga nyumba ya vyumba vitano.

Jumanne moja ya Februari 1938, alfajiri, alikaa kwenye kiti cha Rudy. Rudy akaona upande wa kushoto wa uso umeshuka kama pazia lililochomoka misumari.

"Hebu tabasamu, Mzee."

"Nimetabasamu."

Rudy akaweka brashi chini. "Daktari kasema nini?"

"Mishipa ya fahamu. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mimi mwenyewe nimewahi kucheza daktari, na jibu lilikuwa hilo hilo."

"Nakwenda kuwaambia unaumwa."

"Niumwe wiki hii? Ijumaa wakubwa wa ghorofani wanaamua kama wananiongezea mwaka au wananipa saa ya ukutani na kunishika mkono wa kwaheri. Wewe paka rangi, Rudy. Ujinga niachie mimi, ndio ninaolipwa."

Siku hiyo alikuwa karani wa hoteli. Wawili wanaojiita maharusi wanafika bila hata begi moja wanaomba chumba. Karani hasemi neno, anainua nyusi. Mswada ulisema hivyo hivyo, na haukuwa na mpango mwingine.

Mwongozaji alikuwa Garrett Stroud, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyetoka kwenye tamthilia za New York, ambaye hakuna mtu studioni aliyewahi kuyaona meno yake. Hakujua desturi ya mahali. Taa nyekundu ikiwaka, kipaza sauti kinanasa hata pumzi, na kicheko kimoja kinaharibu kila kitu. Kwa hiyo Tibbets akiwa kazini, wale wasioweza kuzuia kicheko walitolewa nje kwanza. Maseremala wawili wakaanza kuelekea mlangoni, na fundi taa mnene akateremka kutoka juu.

"Mnakwenda wapi?" Stroud akauliza.

"Nje, bosi. Tibbets anafanya kazi."

"Hatoki mtu. Humu ndani ni watu wazima."

Wakarudi, wakatia kofia mdomoni.

Tibbets akakohoa. "Bosi, naomba niwape mgongo."

"Mgongo? Nimekuita kwa ajili ya nyusi."

"Nyusi watu wameiona filamu mia moja arobaini na tatu."

Stroud akatazama saa. "Mara moja. Isipochekesha, unageuka tunakupiga picha ya uso."

Rudy peke yake ndiye aliyeelewa. Kugeuka ndiko kungemmaliza mzee.

Taa nyekundu ikawaka. Tibbets alisimama akiukabili ubao wa funguo. Nyuma yake bwana harusi akasema, "Chumba kimoja, tafadhali." Mkono wa Tibbets ukapanda kuelekea ufunguo. Ukasimama hewani. Hakutazama nyuma, lakini kila mtu aliona amesikia kwamba hakuna begi lililotua sakafuni. Masikio yake yakarudi nyuma polepole, kama ya paka. Kisogo kikakunjana mikunjo miwili, kikafikiri. Kisha mkono ukauacha ule ufunguo kwa heshima zote, ukatambaa ubao mzima mpaka kona ya chini kabisa, ukachukua mwingine wenye vumbi.

Rudy alisahau kuvuta pumzi. Uso wote ule, na kumbe mtu alikuwa amebakiza akiba kisogoni!

Ndipo kicheko kikalipuka, kikubwa, cha puani, kama cha farasi.

"Imeharibika!" akapiga kelele fundi sauti. "Nani huyo?"

Maseremala wakatoa kofia midomoni kuonyesha hawamo. Fundi taa akanyoosha mikono.

"Mimi," akasema Stroud, akifuta machozi.

Msaidizi wake akamfungulia mlango kwa adabu. "Samahani, bosi. Ungetoka na wenzako." Na mwongozaji wa filamu akatoka na maseremala wawili, akasimama nao juani, wakati filamu yake inapigwa ndani bila yeye.

Walipomaliza, Tibbets alimfuata huko nje akageuza uso wote kwenye mwanga. Stroud akauona ule upande uliokufa.

"Wa juu wanajua?"

"Wewe na Rudy tu."

"Ijumaa nitawaonyesha kipande hiki. Wakiuliza uso uko wapi, nitawaambia mimi ndiye niliyetaka mgongo."

Hawakuuliza. Mmoja wao, inasemekana, alimwaga kahawa kwenye suruali. Mkataba ukaongezwa mwaka mmoja.

Jumatatu Tibbets alikalia kiti cha Rudy kinyumenyume, akainamisha kichwa. "Haya, bwana mkubwa. Ofisi yangu mpya."

Rudy Zelenka, aliyepaka nyuso za mabango yote bila hata kukunja mikono ya shati, alikitazama kile kisogo chenye mvi mbili tatu, akakunja mikono ya shati yote miwili, ndipo akachovya brashi.