Niliingiza Mbabula Chini ya Chumba cha Mke Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akalaumu baridi ya Brussels. Baridi ilifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyebeba makaa ya moto nikayashusha chini ya chumba alicholala mke wangu.

Nina miaka sabini na mitatu. Nilitoka Lubumbashi nikiwa kijana, na nyumba yetu ya Saint-Gilles, hapa Brussels, nimekaa humo hadi nimeota mvi. Chini kuna kave, chumba cha chini ya ardhi ambamo mabomba ya maji hupita kabla ya kupanda jikoni. Humo ndimo mke wangu alimoanika nguo zake. Zote, mnanielewa.

Binti yetu, Nadine, ameolewa na fundi wa mabomba. Nitamwita Trésor, ingawa si jina lake. Tangu Oktoba Nadine alinisihi: Trésor aje ayavishe mabomba sponji yasigande, kabla ya baridi, kazi yenyewe ni ya saa moja. Nikakataa. Kwetu mkwe haoni nguo za mama mkwe wake, wala haingii anapolala. Nadine akasema nguo si tutazitoa tu, papa? Nikamwambia asinifundishe heshima.

Kiburi! Nguo zingetolewa kwa dakika mbili. Ukweli ni kwamba sikutaka kijana aje kunionesha kitu ndani ya nyumba yangu.

Januari baridi ikakaza siku nne mfululizo. Asubuhi moja bomba la jikoni likatoa matone mawili, likanyamaza. Mke wangu alikuwa na mafua, amelala katika chumba kilicho juu ya kave.

"Papa Nadine," akaniambia, "muite mukwe wako, bon, yaishe."

Nikasema nitamaliza mwenyewe.

Nikawasha mbabula uani, lile jiko la makaa tunalochomea samaki wakati wa joto. Nikangoja moshi uishe, makaa yawe mekundu. Ndivyo tulivyofanya Lubumbashi mwezi wa Juni: moshi ukiisha, mbabula inaingia ndani, watu wanaota moto. Lakini nyumba zile zilipitisha upepo chini ya mabati. Hii ya hapa nilikuwa nimeziba kila ufa kwa mikono yangu.

Nikaiweka chini ya bomba lililoganda. Hata koki kuu sikuifunga. Kisha nikaenda kwenye maduka ya mtaa wa Chaussée de Wavre kutafuta unga na maji ya chupa, nikawakuta wazee wenzangu dukani, nikakaa kupiga soga. Nilikaa!

Nadine akapiga simu. Mama hajibu, amempigia mara tano. Tayari alikuwa amemtuma Trésor, aliyekuwa kazini karibu na kwetu. Ndani ya teksi nikapiga mwenyewe. Simu iliita mpaka ikakatika.

Nilimkuta Trésor akigonga mlango. Nikafungua. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu yoyote. Kutoka chini ilisikika sauti ya maji yakiruka: bomba lilikuwa limepasuka. Mke wangu alikuwa sakafuni kando ya kitanda, ametapika, uso umeiva wekundu. Nikamvuta mkono. Sikuweza kumwinua. Nilipogeuka, Trésor alikuwa amesimama kizingitini, macho ameyainamisha.

"Papa, niingie?"

Hapa ndipo panaponichoma. Gauni la kulalia la mke wangu lilikuwa limempanda mapajani, na mimi nikawaza gauni!

"Papa, maman anakufa. Niingie?"

"Ingia."

Akambeba mpaka barabarani. Hospitalini walisema ni hewa ya sumu ya makaa, ambayo haionekani wala hainuki. Alikaa huko siku tisa.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini mikono inamtetemeka, na akianza sentensi mara nyingine haimalizi. Nadine amemchukua kwake Saint-Josse. Jumapili ya kwanza nilipokwenda kumwona, Trésor alikuwa amepiga magoti akimfunga viatu. Mke wangu akanitazama.

"Ulikuwa unachunga nguo zangu," akauliza, "ao ulikuwa unanichunga miye?"



Enyi mnaoishi kwenye baridi hii, yavisheni mabomba kabla ya barafu, na msizime chauffage, mtambo wa kupasha nyumba joto, hata mkisafiri. Bomba likiganda, fungeni koki kuu, fungueni bomba la jikoni, kisha lipasheni joto taratibu kwa taulo za maji moto au mashine ya kukaushia nywele, mkianzia upande wa jikoni. Makaa yasiingie ndani, hata yakiwa mekundu kiasi gani. Na kama kwenu kuna mkwe anayejua kazi, mwiteni mapema. Mabomba yangu sasa yamevaa sponji, Trésor aliyavisha yote kwa saa moja. Nyumba ina joto, na ninakula peke yangu.