Maiki ya Shatini na Kwaya ya Ronge

Asubuhi hiyo niliondoka Kaloleni bila kujua naenda wapi, maiki ndogo ya kubana shatini ikiwa mfukoni. Mchana ukanikuta Ronge, ambako kwaya ya akina mama ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwarekodi. Wimbo ulitakiwa kutumwa kesho yake, la sivyo mashindano yawapite. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, nikajiita fundi wa sauti.

Mwalimu wao, Mama Mghoi, alinikaribisha kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Nikakataa! "Fundi hali akiwa kazini," nikasema, na tangu jana sikuwa nimetia kitu mdomoni. Ujinga huu sijui huwa nautoa wapi.

Maiki ile imetengenezewa mtu mmoja anayezungumza, basi. Hawa walikuwa kanisa zima. Ningembana nani? Nikaibana kwenye shati langu mwenyewe, juu kidogo ya tumbo, nikasimama mbele yao kama jenerali.

Walipomaliza, tukaunganisha simu niliyorekodia na spika ya kanisa. Sauti zao zilisikika kwa mbali, kana kwamba wanaimba ng'ambo ya mlima. Lakini karibu kabisa kulikuwa na ngurumo, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kwani kulikuwa na radi?" akauliza mmoja.

Mama Mghoi akanitazama tumboni.

"Radi gani! Ni huyu fundi. Mpakulieni. Kesho alfajiri tutaazima maiki ya kusimamisha kule shuleni, turudie. Na wewe kijana, leo utalala kwangu, hilo tumbo linyamaze."