Mzee Asiyeitikia Salamu Mashineni

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Etobicoke, huku ughaibuni, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuota, na pombe sinywi.

Nilikuwa mlenga shabaha klabuni, nikataka kujaza risasi zangu nyumbani, yaani kuyatia baruti upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Wengi huanza na mashine ya hatua moja moja. Mimi na haraka zangu nikataka ile ya mfululizo, ambayo kila ukivuta mpini inadondoka risasi iliyokamilika. Mke wangu alikubali kwa sharti moja, nisije nikapofuka, maana mtoto wetu wa kwanza alikuwa njiani.

Klabuni nikapewa namba ya mama mmoja, Mhindi wa kwetu pwani, aliyekuwa akiuza mashine. Akaniambia nije jioni, nipitie mlango wa pembeni unaoshuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Nilifika mapema, nikaukuta wazi. Ndani alikuwamo mzee wa Kihindi mwenye sweta la kahawia, anavuta mpini. Mezani zilikuwa zimefungwa mashine mbili.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Nikarudia, kimya tena. Niambie, mtu gani wa kwetu anaiacha shikamoo ianguke chini? Nilikasirika. Lakini mikono yake, wallahi, ilinimaliza hasira. Alivuta bila pupa, jicho moja amelifumba, la pili linachungulia kila ganda kuona baruti ilivyokaa. Mafundi nimewaona wengi, utulivu ule sijauona tena. Maganda yalipokwisha ndipo akaachia mpini, akanigeukia.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe," akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka.

Nikamwambia nimeipenda ile ndogo, ambayo sahani yake ya kushikia maganda unaizungusha mwenyewe. Nikaijaribu, mafuta yakanibaki vidoleni. Akatikisa kichwa.

"Hiyo inamfaa mtu asiyesalimiwa. Sisi tukisikia hodi tunageuka: hujambo, nyumbani hawajambo, watoto je? Ukirudi umesahau kuzungusha, ganda linapata baruti mara mbili. Chukua hii inayojizungusha. Na mkono ukiwa kwenye mpini, usimwitikie mtu."

Nikainama kuitazama. Nilipoinuka, hayupo.

Mara yule mama akaingia, ndio kwanza anatoka kusali jamatkhana, funguo mkononi. Akaniuliza nimeingiaje, maana mlango aliufunga. Nikamweleza habari za mzee. Akaketi kwenye ngazi akalia. Kumbe ndiye mumewe, na alikufa kwa maradhi mwaka uliopita. Zamani, akiwa anajaza risasi, yeye mkewe alimwita aje asalimie wageni. Akapanda, akarudi, akaendelea bila kuzungusha sahani. Risasi ile ilipasua bunduki ikamtoa jicho. Tangu hapo, akiwa mashineni, hata mkewe akimwita hakuitikia.

"Ile ya kuzungusha kwa mkono niliitupa mwaka ule ule wa ajali," akasema.

Nikatazama mezani. Mashine ilikuwa moja tu, na vidole vyangu bado vina mafuta.

Nilinunua hiyo inayojizungusha. Mwanangu sasa yuko shule, na macho yangu ninayo yote mawili. Lakini niamini, kuna siku niko peke yangu besimenti, mpini uko nusu, nasikia nyuma yangu, "Hujambo, mwanangu?" Najua ananijaribu. Ulimi unaniwasha, lakini sijibu, na moyoni nampenda mzee yule kama baba.

Nawe ukienda kuchagua mashine, jijue kwanza wewe ni mtu wa namna gani. Na ukisalimiwa mkono ukiwa kwenye mpini, salamu na isubiri. Aliye hai atanuna kidogo, kisha atakusamehe. Na kama si hai, kimya chako ndilo jibu alilolitaka.