Nilivyokwenda Märsta Kuangalia Kama Melkiori Ana Raha

Zamani, pale Kasulu, tulikuwa tunacheza mpira nyuma ya ghala la tumbaku. Refa alikuwa fundi cherehani, na jezi za timu ya Melkiori alizishona yeye. Sisi tukigusa mpira kwa mkono, filimbi. Melkiori akiusukuma kwa kiganja, watu wote wakiona, bao! Huyu Melkiori ni Mrundi aliyekulia kwetu, rafiki yangu kabisa, na tangu hapo nikawa namwonea wivu. Akapata baiskeli kabla yangu. Akaoa kabla yangu. Wote tukafiwa na wake zetu. Mimi nikabaki na mbuzi, yeye akapelekwa Uswidi na mambo yale ya wakimbizi. Halafu zikaanza picha kwenye simu: Melkiori na mke mpya, Mthai, wanacheka jikoni. Kwa hiyo binti yangu anayeishi Jakobsberg, huko huko Uswidi, aliponiita nikamwone mjukuu, nyinyi wa nyumbani mlidhani namfuata mjukuu. Mimi nilimfuata Melkiori.

Jumapili asubuhi binti alinisindikiza mpaka mjini, akanipandisha treni ya Märsta. Theluji ilikuwa imeanza kuwa tope. Dirishani niliona misonobari tu, nikawa naomba kimoyomoyo nikute nyumba yake ndogo.

Märsta, Melkiori alinipokea stesheni amevaa koti la maana. Nyumba si ndogo. Mkewe, Noi, aliunganisha viganja kunisalimu, akanipa ndara alizoziweka juu ya bomba la joto ili miguu yangu isishtuke. Ndara za moto, jamani! Mimi kwangu hata chai hupoa ikinisubiri.

Kabla ya chakula Melkiori alinivuta pembeni.

"Kaka, leo ukae kama mzee wa baraza. Mama yao Noi ni mgonjwa huko Thailand. Noi anataka aende na mdogo wake, Anan, na Anan hataki kupanda ndege moja na dada yake."

"Wamegombania shamba?"

"Siasa za kwao. Kuna makundi mawili yanapingana: Noi ni wa mashati ya njano, Anan ni wa mekundu."

Nikaitikia kwa huzuni, lakini moyoni nilifurahi. Kumbe nyumba ina ufa.

Mchana akaja Anan, mtu mfupi, mpole, anafanya usafi uwanja wa ndege. Walisema Kiswidi kwa ajili ya Melkiori, naye akanitafsiria.

"Noi anasema wenzake wa njano walipoufunga uwanja wa ndege kule Thailand, walikuwa wanalinda nchi isiibwe. Wale wekundu walipokaa katikati ya mji, walikuwa wanaiharibu."

"Kufunga na kukaa si yale yale?"

"Subiri, kaka."

Anan naye akasema, tena kwa kirefu. Melkiori akanigeukia: "Anasema kaka yao mkubwa alivunja sheria, akafungwa."

"Maneno yote yale?"

"Kiswidi ni kirefu."

Hapo Anan akaweka kijiko chini. "Shemeji, mi sikusemaka vile."

Kiswahili! Melkiori akageuka ghafla kumtazama.

"Kazini niko na Wakongo na Warundi, tunafagia pamoja. Nasikia yote. Mzee, kaka yetu alikaa barabarani, akafungwa. Wale wa njano walikaa uwanja wa ndege, kesi yao ikalala usingizi, na dada akafurahi. Mi naomba neno moja: aseme kaka alionewa. Akisema, nakata tiketi leo."

Noi akajibu, na safari hii Melkiori alitafsiri sawasawa, akiangalia meza. "Noi anasema, wekundu walipofunga mji, wewe Anan uliita haki ya raia. Njano nao walipofunga mji ule ule miaka ya baadaye, ukawaita wahaini. Uanze wewe."

"Kati yao hawa wawili, mkubwa ni nani?" nikauliza.

"Noi."

"Basi mkubwa aanze."

Melkiori akamtafsiria, lakini Noi hakuanza. Alichukua upawa, akamwongezea Anan supu ya kamba wa baharini, polepole, mpaka bakuli likajaa.

"Umeona?" Melkiori akadakia. "Ndiyo kashasema hivyo."

Anan akamtazama. "Shemeji, unatafsiri mpaka upawa?"

Akasimama. Akaniunganishia viganja, akavaa viatu, akafunga kamba zote mbili bila haraka. Noi alimwita jina tu. Kisha akalia, na Melkiori akasogeza kiti, akamshika mkono, wakakaa hivyo kama mimi sipo. Ufa nilioufuata nimeuona kwa macho yangu, na bado nikamwonea wivu. Nilipofiwa mimi, nani alisogeza kiti?

Jioni nilirudi Jakobsberg. Treni nzima nilikuwa najiambia, kama watu wa tumbo moja wanapima kosa moja kwa vipimo viwili, na baba wa nyumba naye anaongeza cha kwake, mzee wa kuja na treni atasuluhisha nini?

Noi alikwenda kwa mama yake peke yake, akarudi. Melkiori ananiambia kwa simu kwamba kila Jumapili mkewe huweka sahani tatu, ya tatu ya mdogo wake. Anan, mara ya mwisho kumwona ni siku ile, mimi nikiwa dirishani: alivuka maegesho ya magari bila kofia, hakugeuka, na hajarudi.