Siku Nilipomwombolezea Mama Aliye Hai

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjalisikia jambo hili kwa Mama Neema wa kikundi chetu, maana yeye huongeza chumvi, na lilivyo tu linatosha kunifanya nijifunike shuka.

Kikundi chetu cha kusoma hapa Toronto kilipewa ukumbi wa maktaba, kule mtaa wa Mount Dennis, kwa jioni moja ya majaribio: ikienda vizuri tutaupata kila mwezi, ikiharibika basi. Mgeni wetu alikuwa mwandishi wa Kimarekani, mwanamke mwenye kalamu kali aliyekosana na nusu ya nchi yake kwa insha zake za dini, ndoa na siasa, na mimi nikachaguliwa kumhoji (eti ni mtu wa utaratibu). Nilisoma kila kitu. Katika insha moja anasema haandiki ila yaliyompata. Katika riwaya yake mpya msimulizi anamzika mama yake. Nikajumlisha.

Sasa, kwetu mfiwa haulizwi maswali kabla ya kupewa pole, kwa hiyo nikaamua, jambo dogo tu, kuanza na pole. Nikaona pole ya mtu mmoja ni kavu, nikaomba ukumbi usimame kimya kumkumbuka marehemu, na kimya kilipokwisha Mama Neema, ambaye huongoza kwaya kanisani na hangoji kualikwa, akaanzisha wimbo wa msiba, wenzetu wakaitikia, nami nimefumba macho nikihisi mwandishi anatetemeka kwa kilio.

Kumbe alikuwa ananivuta shati. "Mama yangu yuko pale," akaninong'oneza. "Kiti cha mbele."

Bibi mwenye mvi alikuwa amesimama nasi, mkono kifuani.

"Poleni sana," akasema. "Nani amefariki?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Nikamweleza, riwaya na yote. Akamgeukia binti yake.

"Umeniua ukurasa wa ngapi?"

Mwandishi ambaye maaskofu na wanasiasa wameshindwa kumnyamazisha akatazama viatu vyake. "Sura ya kwanza, mama."

"Hata ya pili sikufika." Akaketi, akamwambia Mama Neema, "Malizieni wimbo. Nikifa kweli sitausikia."

Wakaumaliza. Kisha mama na binti wakabishana mbele yetu kwa nini mtu humzika katika kitabu yule anayeogopa kumpoteza, na hakuna aliyetoka, hata msimamizi wa maktaba, ambaye mlangoni aliniuliza mwezi ujao tunataka siku gani.

Ukumbi tumepata. Ila nimeapa: simpi tena mtu pole kabla sijamwuliza, "Mama hajambo?"