Mama Kurasa na Kufuli la Kiwanda

Wenzake kiwandani walimwita Mama Kurasa, maana huyu mshona mashati kila mwezi alinunua jarida lile nene la habari akalisoma tangu jalada hadi anwani ya mchapaji. Magazeti ya kila siku aliyaona porojo tupu. "Hao wanakimbilia moshi," alisema. "Hawa wa jarida wanakaa papo hapo mpaka wamjue aliyewasha moto."

Saa ya chakula aliwasomea wenzake kwa sauti. Nao wangekwenda wapi? Msimamizi aliufunga mlango kwa nje tangu asubuhi, eti mashati yasiibwe.

Mwezi huu alifika ukurasa wa kumi na mbili, akausoma mstari wa kwanza mara mbili. Kilikuwa kiwanda chao. Mwandishi alikuwa ameichimba habari hiyo miezi saba. Alijua idadi ya cherehani, nondo za madirishani, ndoo moja ya maji ya kuzimia moto, hata lile kufuli la shaba. Mama Kurasa akasoma yote neno kwa neno, kifua mbele, kama mama anayesoma ripoti ya mwanawe aliyeshika namba moja.

"Mnaona? Huyu hakukurupuka!"

Mkata nyuzi akauliza, "Sasa dada, wameandika tutatokaje?"

Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele miwili.

"Wameandika ukweli tu," akajibu, kwa sauti ndogo.

Kengele ikalia. Cherehani zikaanza kunguruma, na mlango ukabaki umefungwa, sawasawa na ulivyoandikwa.